Mwangwi wa Afrika Uliosikika Salzburg

Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga mjini Pangani Abushiri bin Salim, kiongozi wa watu wa pwani walioinuka dhidi yao. Mwaka huohuo, huko Salzburg nchini Austria, mwanamke wa miaka 26 alianza kutoa kijarida cha kila mwezi alichokiita Echo aus Afrika, yaani Mwangwi kutoka Afrika. Wawili hao hawakujuana wala wasingejuana. Lakini kitanzi cha mmoja na karatasi ya mwenzake vilichangiwa fedha kwa kaulimbiu ileile: kukomesha utumwa barani Afrika.

Mwanamke huyo ni Maria Teresa Ledóchowska. Ukisoma waliomwandikia kanisani, utakuta asali tupu: mama wa Waafrika, moyo uliowaka, maisha yaliyotolewa sadaka. Ukisoma wanaowachambua wamisionari kwa jicho kali, huenda usimkute kabisa. Wao hushughulika na maaskofu, magavana na majeshi, na mhariri wa kijarida cha Salzburg ni mdogo mno kwao. Mimi naona pande zote mbili zimempita kando. Zinamtafuta ama moyoni ama bungeni, wakati mama huyu alikuwa mtu wa ofisi.

Kwa lugha ya pwani ningemwita mwanamwinyi, na neno hilo nalitumia kwa makusudi. Uwinyi ni ukoo na heshima, na mali inaweza kuwemo au isiwemo. Kwa akina Ledóchowski, ukoo ulikuwa mzito kweli. Babu yake, Ignacy, alikuwa jenerali aliyeilinda ngome ya Modlin wakati Wapolandi walipoasi dhidi ya Urusi mwaka 1831. Baba yake alikuwa Antoni, kabaila wa Kipolandi. Mama yake Josephine Salis-Zizers, kabaila wa Uswisi. Yeye alizaliwa Loosdorf, Austria ya Chini, tarehe 29 Aprili 1863, mwaka ambao Wapolandi walikuwa tena msituni wakipigana na majeshi ya mfalme wa Urusi, na tena wakaja kushindwa. Polandi yenyewe haikuwepo kwenye ramani. Tangu 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana kama nyama ya mnadani.

Na wadogo zake! Julia alikuja kuwa mtawa kwa jina la Urszula, akaanzisha shirika lake mwenyewe, na mwaka 2003 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Włodzimierz aliongoza Wajesuiti wa dunia nzima tangu 1915 hadi alipofariki mwaka 1942. Ignacy, aliyebeba jina la babu, akawa jenerali wa jeshi la Polandi na kufa mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Wanazi. Nyumba moja hiyo.

Mali, hapana. Soko la hisa la Vienna liliporomoka mwaka 1873 na kuzoa sehemu kubwa ya utajiri wa familia. Wakahamia mji wa St. Pölten, na mwaka 1883 wakarudi upande wa Polandi uliokuwa chini ya Austria, katika kijiji cha Lipnica Murowana kusini mwa nchi. Mwaka 1885 ndui iliingia nyumbani. Baba akafa. Maria Teresa alipona, uso ukiwa na makovu, na akiwa na nadhiri aliyoiweka kitandani kwamba akiamka atamtumikia Mungu. Alipoamka alihitaji kwanza pa kuishi na cha kufanya. Akaenda Salzburg kuwa mwandani wa Alice, mke wa mtawala wa Toscana aliyepinduliwa na kuhamishia kasri lake uhamishoni. Kwa hiyo msimfikirie kama tajiri aliyechoka na dhahabu zake. Alikuwa mwajiriwa mwenye jina kubwa, akihudumia nyumba ya kifalme isiyo na nchi, naye mwenyewe akiwa wa taifa lisilo na nchi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Huyu alikuja kutoa sana, na karibu vyote alivyotoa vilikuwa vya watu wengine. Ndiyo maana habari yake inavutia.

Habari za misheni alizisikia mara ya kwanza kasrini, kutoka kwa masista waliopita wakiomba msaada. Kisha mwaka 1888 ukamfikia mkononi waraka wa Kardinali Charles Lavigerie, Mfaransa aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe, ambao wasomaji wa maziwa makuu wanawafahamu tangu kizazi cha mababu. Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya mwaka ule akihubiri vita dhidi ya biashara ya watumwa. Alijua kusema. Alieleza misafara ya minyororo, vijiji vilivyochomwa, watoto walioachwa njiani. Na akawaambia wanawake wa Ulaya kwamba mwenye kipaji cha kuandika akitumie kwa kazi hiyo. Ledóchowska, aliyekuwa akiandika tangu utotoni, alilipokea neno hilo kana kwamba limeandikiwa yeye peke yake. Mwaka uliofuata alikwenda kumwona kardinali huyo Lucerne, Uswisi, akatunga tamthilia juu ya msichana wa Kiafrika, na akaanzisha gazeti. Maandishi yake ya miaka ile yalitoka kwa jina la kiume, Alexander Halka. Hadhi ya mwanamke wa kasrini haikuruhusu jina lake lizagae magazetini.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo Pangani na Salzburg zinapokutana.

Aliyoyasema Lavigerie hayakuwa uongo. Biashara ile ilikuwepo, na ilikuwa na majina yetu ndani yake: Tabora, Ujiji, Kilwa, Bagamoyo, Unguja. Mkataba wa 1873 wa Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa Unguja, lakini majahazi yaliendelea kupenya usiku. Anayetaka kuifuta historia hiyo kwa hasira dhidi ya wamisionari atakuwa anawafuta waliofungwa minyororo. Lakini huruma ile ikifika Berlin ilikutana na watu waliokuwa wakiisubiri. Agosti 1888 watu wa pwani walikuwa wameinuka dhidi ya Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki, iliyokodishwa mwambao na Sultani na kuanza kupandisha bendera na kukusanya ushuru kana kwamba imenunua. Kampuni ilishindwa vibaya. Kansela Bismarck alihitaji fedha na kura, na chama kikubwa cha Wakatoliki bungeni hakikuwa na hamu ya makoloni. Kilichokifanya kilegee ni utumwa. Oktoba mkutano mkubwa wa kupinga utumwa ulifanyika Cologne. Desemba kiongozi wa chama hicho, Ludwig Windthorst, alipeleka hoja ya kupambana na biashara ya watumwa. Na tarehe 30 Januari 1889 Bunge likapitisha marki milioni 2 za kukomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Ujerumani Afrika Mashariki. Sehemu ya pili ya sentensi ndiyo iliyompeleka kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, Bagamoyo na mizinga yake.

Abushiri hakuwa malaika. Alikuwa na shamba la miwa Pangani na watumwa wa kulilima. Lakini waliomnyonga kwa jina la kupinga utumwa hawakuufuta utumwa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani sheria iliendelea kuutambua utumwa wa majumbani na mashambani. Kilichofanyika ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kufutwa moja kwa moja kulikuja Tanganyika mwaka 1922, Mjerumani akiwa ameshaondoka. Ledóchowska alifariki Roma tarehe 6 Julai mwaka huohuo.

Je, nimbebeshe yeye lawama ya Wissmann? Hapana. Gazeti lake halikupiga kura Berlin. Ila alichota maji katika kisima kilekile, na sitamsamehe mwandishi wa wasifu wake anayetueleza habari ya waraka wa Lavigerie pasipo kututajia mizinga. Huruma ikishatiwa kwenye karatasi haina mwenyewe. Mmoja ataisoma na kutoa akiba yake ya mwezi, mwingine ataisoma na kuagiza baruti.

Sasa nirudi kwenye ofisi, maana ndipo ninapomwona akiwa mkubwa.

Mwaka 1891 aliacha kasri na kuhamia chumba cha kawaida katika nyumba ya masista wa Salzburg waliotunza maskini. Huruma ya mabibi wa daraja lake ilikuwa na sura yake: kapu la vyakula wakati wa Krismasi, tamasha la hisani lenye muziki, sarafu mlangoni mwa kanisa. Yeye alifanya jambo lililoonekana dogo na la kuchosha. Aliwaandikia wamisionari barua kuuliza wanahitaji nini. Alichapisha majibu yao. Aliorodhesha michango. Alituma fedha, kisha akachapisha kwamba zimefika. Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anajua kwamba kuchangisha si kazi; kazi ni daftari baada ya kuchangisha. Watu huchoka kutoa pale wasipoona kilichotoka mkononi mwao kimeishia wapi, na Ledóchowska alilijua hilo mapema. Safari zake nyingi zilikuwa za treni: mji huu hotuba, mji ule hotuba, kisha kamati ndogo ya wanawake inabaki nyuma ikiwa na anwani ya Salzburg.

Tarehe 29 Aprili 1894, siku aliyotimiza miaka 31, Papa Leo XIII aliubariki mpango wake wa chama cha Mtakatifu Petro Klaveri, aliyemchagua kuwa somo kwa sababu alikuwa Mjesuiti wa karne ya 17 aliyetumikia watumwa walioshushwa melini Cartagena, nchi ya Kolombia ya leo, na ambaye Papa huyohuyo alikuwa amemtangaza mtakatifu mwaka 1888. Chama kikaja kuwa shirika kamili la watawa. Mwaka 1897 walipata mahali panapoitwa Maria Sorg, nje kidogo ya Salzburg, na hapo wakaweka mtambo wa chapa.

Kanuni moja ya shirika hilo inafaa kuangaliwa kwa makini. Masista wake hawakuanzishwa ili waende Afrika. Walianzishwa kubaki nyuma: kuhariri, kutafsiri, kufungasha mizigo, kuandika stakabadhi. Mwanzilishi naye hakuikanyaga Afrika hata siku moja. Wengi wakisikia hivyo hucheka, na najua kicheko hicho kinatoka wapi. Kwetu uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Vipi mtu aitwe mama wa bara asilolionja vumbi lake? Lakini nikilinganisha na mabibi na mabwana wanaofika kwa wiki mbili, wakapaka rangi ukuta wa shule ambao fundi wa kijijini angeupaka vizuri zaidi, kisha wakaondoka na picha, naona mama huyu alikuwa na adabu fulani ambayo wageni wengi hawana. Alijua kazi aliyoiweza iko wapi, akaifanya hapohapo.

Jambo jingine lililomtofautisha: fedha zake hazikuuliza taifa. Wakati ule padre Mfaransa na padre Mjerumani walitazamana Afrika kama mabalozi wa nchi mbili zinazonyemelea kiwanja kimoja. Yeye aliwapelekea wote, bila kujali shirika wala bendera. Nadhani Upolandi wake unahusika hapa. Mtu asiye na dola hana koloni la kulitetea.

Lugha nayo inahusika, tena kwa njia ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Katika ukoo wao alikuwepo Mieczysław Ledóchowski, jamaa wa baba yake ambaye yeye alimhesabu kuwa ami, Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań, upande wa Polandi uliokaliwa na Prussia. Serikali ya Bismarck ilipoamuru mafundisho ya dini mashuleni yatolewe kwa Kijerumani, askofu huyo alikataa. Katika mgogoro mpana wa Bismarck na Kanisa alikamatwa Februari 1874 na kufungwa miaka miwili. Papa Pius IX akampa ukardinali angali gerezani. Mvutano haukuishia kwake. Mwaka 1901, katika mji wa Września, watoto wa shule walichapwa viboko kwa kukataa kujifunza katekisimu kwa Kijerumani, na wazazi waliolalamika wakafikishwa mahakamani na kufungwa. Mtoto wa Kipolandi alitaka kusema Baba Yetu kwa maneno ya mama yake, akapigwa.

Na miaka hiyohiyo, kule Maria Sorg, mpwa wa kardinali yule alikuwa akichapisha katekisimu, vitabu vya nyimbo na kamusi kwa lugha za Kiafrika. Miswada ilitoka kwa wamisionari, mingine imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi zilizolowa mvua, ikapangwa herufi kwa herufi na wanawake wa Austria na Polandi wasiojua neno hata moja la walichokuwa wakikipanga, kisha ikarudi Afrika ikiwa vitabu. Yeye mwenyewe alikuwa na jeraha la lugha: kumbukumbu za safari yake ya ujanani kwenda Polandi aliziandika kwa Kijerumani na kuziita Mein Polen, Polandi Yangu. Mtu anayeieleza nchi yake kwa lugha ya jirani anajua thamani ya kitabu kilichochapwa kwa lugha ya nyumbani.

Naam, vitabu vile vilikuwa vya kuhubiri. Vilikuja na dini moja na kuzikemea nyingine. Kamusi nyingi za enzi ile zina jina la padre kwenye jalada, na yule mzee aliyekaa naye jioni nzima akimfafanulia tofauti ya neno na neno hatajwi popote. Lakini herufi zikishafika hazirudi kwa mwenyewe. Aliyejifunza kusoma kwa katekisimu alisoma pia notisi ya kodi, akaandika barua ya malalamiko kwa bwana shauri, na mwanawe akaandika katiba ya chama. Kati ya vyote vilivyotoka Salzburg, risasi zile za chapa ndizo ninazoziheshimu zaidi ya fedha.

Ninachokishtaki ni jina la gazeti. Mwangwi ni nini? Ukisimama kwenye korongo ukaita, kinachokurudia ni sauti yako mwenyewe, imepungua nguvu na kuongezeka huzuni. Echo lilijaa barua za Afrika, ila karibu zote ziliandikwa na Wazungu waliokuwa Afrika, kwa Wazungu waliokuwa Ulaya. Mwafrika alikuwemo kila ukurasa, akiwa mgonjwa, mtumwa, mpagani, mtoto aliyekombolewa. Alionekana sana na kusikika kidogo. Desturi ya misheni za wakati ule ilimruhusu mfadhili aliyetoa fidia ya mtoto kumchagulia jina la ubatizo, na ndivyo mtoto wa Unyamwezi alivyoweza kuitwa jina la shangazi wa mtu fulani wa Linz, asiyemjua na asiyemwona maishani. Mfadhili alifurahi. Mama wa mtoto, kama alikuwa hai, alikuwa na jina lake jingine alilomwita nalo.

Mtu ataniambia namhukumu mtu wa 1889 kwa mizani ya leo. Siyo. Mizani niliyoitumia ni ya kwake. Huyu ni mtu aliyetoka katika ukoo uliofungwa gerezani kwa kukataa kusemewa, aliyeishi akiona taifa lake likielezwa na wakuu wa Berlin na St. Petersburg kama watoto wasioweza kujitawala. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza, hata mara moja, huyu ninayemwombea fedha angesema nini kama kalamu ingekuwa mkononi mwake. Na mwaka 1900, ulipofanyika mkutano wa kupinga utumwa Vienna ambao yeye aliupigania, tayari pwani yetu ilikuwa na watu wanaosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu karne kadhaa. Utenzi wa vita vya Wajerumani pwani ulikuwa umeshatungwa. Sauti zilikuwepo. Zilikosa mtu wa kuzipeleka Salzburg.

Papa Paulo VI alimtangaza Mwenyeheri tarehe 19 Oktoba 1975, Jumapili ya Misheni, pamoja na Eugène de Mazenod, Arnold Janssen na Josef Freinademetz. Kati ya hao wanne, aliyeishi na kufia ugenini misheni ni Freinademetz peke yake, huko China. Watatu wengine walikuwa waanzilishi, watu wa kupanga na kutuma. Sijui mahali pengine ambapo kazi ya meza na daftari imewahi kupewa heshima kubwa namna ile.

Shirika lake lipo hadi leo, na miongoni mwa masista wake wamo waliozaliwa Afrika. Toleo la Kipolandi la gazeti bado linachapwa, siku hizi kwa jina refu zaidi, Mwangwi kutoka Afrika na Mabara Mengine. Ningependa kuliona toleo moja likitoka kwa upande wa pili: sista Mganda amekaa kwenye kiti cha mhariri Ulaya, anawaandikia wasomaji wa Masaka na Bukoba habari za vijiji vya kule, makanisa yenye baridi, wazee wanaoishi peke yao na redio, na mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo, jinsi ya kutuma mchango.